Ndagala Juu ya Ngazi

"Nilianua kwanza samaki yangu," Olive alisema, wala hakuinamisha macho. "Kisha njo nikapiga kelele."

"Maiti iko hapo chini, weye unaanua samaki?"

"Mama Inspekteri, muntu alikuwa amekwisha kufa. Ningefanya nini, nimusubirie afufuke?"

Inspekteri Léocadie Namwira alimtazama yule mwanamke, muuza samaki wa bandarini. Katika kazi yake ya upelelezi mjini Uvira alikuwa amezoea watu wanaodanganya. Mtu anayetoa ukweli mchungu bila kubanwa alimchanganya kidogo.

Walikuwa wamesimama uani, nyuma ya ghala moja la bandari ya Kalundu, harufu ya mafuta ya mazutu na ya samaki ikiwaingia puani kwa pamoja. Juu ya ghala hilo ndiko ilikokuwa ofisi ya Tume ya Majeruhi wa Vita, iliyopewa kazi ya kuwapima askari waliovunjwa na vita na kuamua nani apate malipo ya ulemavu na nani akajitafutie. Njia ya kuifikia ilikuwa moja tu: ngazi nyembamba za saruji zilizopanda ubavuni mwa jengo hadi kwenye kibaraza chenye ukuta mfupi wa kuegemea. Ofisi ya watu wasio na miguu imewekwa ghorofani, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeona ajabu.

Juzi mchana, Patient Bulambo, karani wa tume hiyo, alitupwa kutoka kwenye kile kibaraza, akapasuka kichwa uani. Daktari aliona alama za vidole kwenye mabega yake, kwa hiyo habari ya kuteleza haikuwepo. Askari walipofika walimkuta kichwa kimelazwa kwenye paja la Pitchou Kiza, kaporali wa zamani wa jeshi, damu imemfika viwikoni. Tume ilikuwa imemkatalia Pitchou malipo, na siku chache kabla alikuwa amemtukana Patient mbele ya watu. Polisi wenzake Léocadie hawakujisumbua zaidi ya hapo. Walimpakia garini, wakamtia selo.

"Nieleze vile ulitandaza," Léocadie alisema.

Olive alionyesha kwa kidole chenye magamba. Wavuvi walikuwa wamerudi na ndagala wengi, wale dagaa wadogo wa ziwani, mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile, jua limetoka jua la kweli, na kando ya ziwa kila mtu alikuwa amekwisha kushika nafasi. Yeye akapanda na kitunga chake. Alitandaza ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaona samaki bado wapo, akaendelea mpaka mlangoni kwa tume. Aliacha nafasi ya unyayo mmoja tu kando ya ukuta.

"Kila siku unafika mpaka juu?"

"Hapana! Mwenye nyumba alinikataza, mwisho ngazi ya tatu. Ile siku tu njo nilijaribu. Sababu gani unafikiri nilianua mbio? Polisi wangekuja, naye angekuja, angenifukuza."

"Umemwambia nani kama ulitandaza mpaka juu?"

"Nimwambie nani? Ni weye tu, na ni juu ya unanitisha na gereza."

"Na Patient akianguka ulikuwa wapi?"

"Ku mashua, kuchukua kitunga ya pili. Mashini zilikuwa zinalia, sikusikia kitu. Nikirudi naona muntu chini, Pitchou anamushika kichwa, analia sawa mutoto."

"Ndagala zilikuwa aje?"

"Nzima."

"Zote?"

"Minye nilizianua na hii mikono. Hakuna hata moja ilivunjika, hakuna ilihama fasi yake. Niliziuza zote jana." Akasita kidogo. "Sikusema kwa batu zilikauka karibu na maiti."

Léocadie alizigeukia zile ngazi. Akaweka mguu kando ya ukuta, pale palipoachwa nafasi, akapanda ngazi kadhaa, akashuka.

"Pitchou anapandaka aje hapa?"

Olive akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyeona jambo hilo mara nyingi na kulifurahia. "Kwa matako! Anageuza mugongo, anakaa, anajivuta na mikono, ngazi kwa ngazi, na ule mguu umenyooka sawa muti. Siku anapanda, anafagia kila kitu. Mara moja alinimwangia ndagala za ngazi tatu za kwanza zote, nilimutukana mpaka mama yake."

Basi. Aliyemsukuma Patient alipanda kwa miguu yake miwili, ubavu ukigusa ukuta, akiangalia anapokanyaga. Mtu anayejiburuta kwa makalio angeacha unga wa samaki kutoka chini hadi juu. Léocadie alimwandikisha Olive maelezo yake, akamwekesha dole gumba, na palepale uani akampigia simu Madame Laure, substitut, yaani hakimu wa mashtaka, aliyekuwa na kesi hiyo.

Laure alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mwanamke mbaya, ila alikuwa amechoka, na uchovu wake ulipenda mambo yaliyopigwa mhuri.

"Léocadie, minye niko na uamuzi wa tume hapa mbele yangu. Uamuzi huu unasema Pitchou Kiza alipimwa, anasimama bila kusaidiwa, hana ulemavu. Muntu anasimama, anatembea. Anatembea, anapanda. Weye unataka niache uamuzi wa serikali nifuate ndagala?"

"Nataka nijue walimupima aje."

"Saa nane namuleta mbele yangu. Kama hakuna kingine, nasaini, gari ya gereza kuu inamuchukua leoleo."

Gereza kuu. Mfupa wa nyonga ya Pitchou ulikuwa unaoza tangu vita, usaha ukitoka bila kukoma, na katika lile gereza watu wazima waliingia na kikohozi wakatoka wamefungwa mkekani. Kumpeleka kule ilikuwa kumuua, tofauti ni kwamba hakuna ambaye angekamatwa kwa kosa hilo.

*

Mke wa Pitchou aliitwa Célestine, lakini mtaa mzima wa Kimanga ulimwita Mama Merdi, kwa jina la mtoto wake. Alikuwa kwenye kijiduka chake cha mkaa na chumvi, anachemsha vitambaa kwenye sufuria. Léocadie aliviona vile vitambaa na madoa yake, hakuhitaji kuuliza ni vya nini.

"Mulikuja kumuchukua, sasa munakuja kuangalia kama kumebaki kitu?" Mama Merdi alisema bila kugeuka.

"Mama Merdi, siku ile ya tume, nani alimupima bwana yako? Daktari gani?"

"Daktari?" Aligeuka sasa. "Daktari wa wapi?"

Akasimulia huku anakoroga sufuria kwa kijiti. Waliitwa wote siku moja, wakakusanywa chini, kwenye ghala, kwa kuwa wengi wasingeweza kupanda. Wake zao na ndugu zao waliwaleta kwa mikokoteni, kwa baiskeli, mgongoni. Walikaa chini, kwenye mifuko mitupu. Ukutani palikuwa na bendera. Akaingia mkubwa wa tume, Ajida Placide, mwanajeshi mstaafu wa cheo hicho, kiatu kinang'aa. Patient alikuwa nyuma yake na kalamu.

"Kisha akawapima?"

"Hakumugusa muntu. Alisimama mbele ya bendera, akapiga ule ukelele wa kusimamisha askari wima: Garde-à-vous!"

"Na bwana yako?"

"Alisimama."

Léocadie alirudia neno hilo kama swali. Mama Merdi akamtazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Weye unafikiri angebaki amekaa? Mukubwa anaita, bendera iko mbele! Wote walisimama. Kipofu alisimama, aliangalia kwa ukuta. Wenye hawana miguu wenzao waliwanyanyua na makwapa. Bwana yangu alijivuta kwa nguzo, akaiachilia, akasimama kwa ule mguu moja, mukono ku uso. Niliona jasho linamutoka sawa amemwangiwa maji. Niliona fahari, Mama. Nitakuambia kweli, nililia kwa fahari. Usiku ule homa ilimupiga, usaha ukaja na vipande vya mfupa."

"Na baada ya hapo?"

"Ajida akasema repos, ile ruhusa ya kushusha mukono na kulegea, kisha akasema imekwisha, murudi nyumbani. Tulifikiri kupimwa ni siku ingine."

"Waliopita ni nani? Wenye walipewa malipo."

"Bawili tu." Mama Merdi alitema mate kando. "Wa kwanza bomu lilimuua masikio, hakusikia kitu, alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Ana miguu sawa ya mbuzi! Wa pili alikuwa amekunywa dawa ya malaria, alilala pembeni na mate yake. Hao njo Serikali iliwaona walemavu."

Hapo Léocadie aliona jambo zima, toka mwanzo hadi mwisho, akatamani asingeliona. Wale watu hawakupimwa miili. Walipimwa utii, na waliofaulu waliadhibiwa. Kosa lao lilikuwa kosa ambalo raia yeyote asingelifanya: raia angebaki amekaa, angelia, angeonyesha kidonda. Wao waliitwa wakasimama.

"Kuna muntu aliwaambia kama walikatwa malipo juu ya kusimama?"

Kijiti kilisimama kwenye sufuria. Léocadie akaona kwamba hata Mama Merdi hakuwa ameunganisha mambo mpaka sasa hivi.

"Njo maana Patient alimuita," alisema polepole. "Baada ya yale matusi, alituma neno: Pitchou, kuya, nitakuambia kitu. Njo bwana yangu alikwenda kumungojea pale chini. Patient alikuwaka anashuka, hakupenda bwana yangu ajivute mpaka juu. Alikuwa anataka kumuambia hii."

Alivitoa vile vitambaa kwenye maji yanayochemka kwa mikono mitupu, na hakuonekana kuhisi moto.

*

Ajida Placide alimkaribisha Léocadie ofisini kwa adabu zote. Chumba kilikuwa kimefagiwa, meza haina vumbi, na kiti cha Patient kilikwisha kupewa kazi ya kubeba mwavuli.

"Kijana muzuri," Placide alisema juu ya marehemu. "Moyo laini sana. Haifai katika kazi hii."

"Tume ingine inachukua miaka kupima watu. Ninyi mulimaliza siku moja. Mulifanya aje?"

Lilikuwa swali alilokuwa akilingoja tangu azaliwe. Alijinyoosha kitini.

"Karatasi ya daktari, Inspekteri, leo inauzwa sawa nyanya. Ukiwa na shangazi ku hospitali, unakuwa mulemavu. Minye sitaki karatasi. Minye niliongoza batu miaka mingi, najua askari. Mwanajeshi mwenye amevunjika kweli, hata umuite, mwili unakataa. Mwili haudanganyi. Namuita. Akisimama, ni muzima. Sikumupiga, sikumutukana, yeye mwenyewe anajitolea ushahidi." Alitabasamu. "Kinshasa waliandika barua ya kunipongeza."

"Na kipofu?"

"Kipofu alisimama vizuri sana."

Léocadie angemwelewa zaidi kama Placide angekuwa mwizi. Mwizi unajua anachotaka, na anajua kwamba anakosea. Huyu alikuwa amewanyima watu chakula kwa mikono safi, na alilala usingizi wake wote.

"Patient alikubali ile njia?"

Tabasamu lilipungua. "Patient alianza mambo. Wiki ijayo tunapima kijiji cha Mutarule, batu wa bondeni wanatungojea. Yeye akasema atakwenda mbele kuwaambia wasisimame." Aliegemea meza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Unasikia? Kumuambia mwanajeshi abaki chini mbele ya bendera! Kufundisha batu kukataa amri! Minye nilimuambia, hiyo ni uhaini."

"Mulimuambia lini?"

"Mbele ya kufa. Siku… mbele."

"Na siku amekufa mulikuwa wapi?"

"Mutarule. Nilitoka hapa na pikipiki kukiwa bado giza, kutengeneza mambo ya wiki ijayo. Nilirudi jioni, nikakuta polisi wenu wamejaa."

"Kwa hiyo hamujui alianguka aje."

"Pitchou alimusukuma, au aliteleza. Ungeona vile yule mama alijaza ndagala mpaka hapa mulangoni! Muntu anapita ubavu-ubavu sawa kaa. Nilisemaka siku moja muntu atavunja shingo hapo."

Léocadie alitikisa kichwa kama mtu anayesikitikia ngazi chafu. Aliaga, akatoka, akafunga mlango taratibu. Kwenye kibaraza akashika ule ukuta mfupi kwa mikono miwili.

Giza lilipokuwapo, ndagala hawakuwapo. Jua lilipotoka ndipo walipotandazwa, na polisi walipofika walikuwa wamekwisha kuanuliwa hadi wa mwisho. Wakiwa mlangoni kwa tume, mara moja ile katika maisha ya jengo lile, waliweza kuonwa na watu wanne tu: Olive aliyewatandaza, Pitchou aliyefika muuaji akiwa amekwisha kushuka, Patient, na yule aliyepita ubavu-ubavu kwenda kumsukuma.

*

Kabla ya saa nane alikwenda selo. Pitchou alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mguu wake wa kulia umelala mbele kama kitu cha mtu mwingine. Harufu ya mfupa ilikuwa imewafanya wafungwa wenzake wajibane upande wa pili.

"Nisikilize vizuri," Léocadie alisema akichuchumaa. "Najua nani alimuua Patient. Leo nitasema mbele ya Madame Laure. Yule muntu atakuwa pale."

"Ni nani? Minye nilifika amekwisha kuanguka, sikuona muntu."

"Ajida Placide."

Pitchou alitikisa kichwa. "Ajida hawezi. Ni mukubwa."

"Ni mukubwa, na ni yeye. Sasa sikia. Ku PV ya kwanza, ile karatasi ya maelezo yako, uliwaambia polisi huwezi kusimama."

"Siwezi. Nilisema kusimama ya kutembea, hiyo siwezi. Sina kitu kinanibeba."

"Ule mukubwa anajua kitu kimoja tu, kuita. Atakuita. Siku ya tume ulisimama, njo maana walikukata. Ukisimama leo, Madame Laure ataona na macho yake kama tume ilisema kweli, na kila kitu nimefanya kinakufa. Akiita, baki chini. Hata apasue koo. Umeelewa?"

"Njo walinikata juu ya hiyo?" Pitchou akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomuumiza nyonga, na machozi yakamtoka papo hapo. "Juu ya kusimama."

"Apa."

"Naapa, Mama."

"Kwa nani?"

"Kwa Merdi. Akiita, nabaki chini."

*

Ofisi ya Madame Laure ilikuwa na dirisha moja na pangaboi lisilozunguka. Placide alikuwa amekwisha kufika, ameitwa kama mkuu wa tume kuthibitisha uamuzi wake. Amekaa wima, kofia juu ya goti. Askari wawili walimwingiza Pitchou wamemshika makwapa, wakamwacha sakafuni mbele ya meza, kwa kuwa kiti hakikuwepo.

Léocadie alisema yote, bila haraka. Alisoma maelezo ya Olive. Alieleza jinsi Pitchou anavyopanda, na jinsi ndagala walivyobaki wazima. Alieleza jinsi tume ilivyopima watu, na Laure akainua kichwa, akamgeukia Placide.

"Ni kweli? Mulipima kwa kuita tu?"

"Ni kweli, Madame. Na niko tayari kueleza."

"Bila daktari?"

"Bila daktari."

Laure alikunja uso. Léocadie aliona kalamu inawekwa chini, akajua kwamba nusu ya kazi imekwisha. Akaingia kwenye nusu ya pili: nani aliona samaki mlangoni, na lini wangeweza kuonwa. Akarudia maneno ya Placide kama yalivyotoka kinywani mwake.

"Ajida," Laure alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kama mulikwenda Mutarule kukiwa giza, hizo ndagala mulizionea wapi?"

Placide aliangalia kofia yake, akaipangusa kwa kiganja. Jasho dogo lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Kisha akainuka. Hakuwageukia Laure wala Léocadie. Alimgeukia mtu aliyekaa sakafuni, akaunganisha visigino.

"Kaporali Kiza!" Dirisha lilitetemeka. "Garde-à-vous!"

"Usisimame!" Léocadie alipiga kelele. "Pitchou! Baki chini!"

Pitchou alikuwa ameshika ukingo wa meza. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Alimtazama Léocadie, na macho yake yalikuwa yanamwomba radhi, na huku anamwomba radhi, mwili wake ulikuwa unapanda, bega, kisha kiuno, kisha ule mguu mmoja ukinyooka chini yake kidogokidogo. Kitu kilisikika ndani ya nyonga yake, kama kijiti cha kuwashia moto kinapovunjwa. Aliachia meza. Akapeleka mkono usoni, vidole vimenyooka, kidevu juu.

Alisimama bila kusaidiwa.

"Madame Substitut," Placide alisema kwa upole, akikaa. "Mumeona."

"Nimeona."

"Anateseka!" Léocadie alisema. "Angalia ule mguu! Kusimama si kupanda! Mwambie apige hatua moja, moja tu!"

"Léocadie." Laure alikuwa amefunua ile PV ya kwanza. Hakuonekana kufurahi, lakini alikuwa amefika mahali alipopajua, na alipumua. "Hapa aliapa mbele ya polisi: siwezi kusimama. Amedanganya juu ya mguu wake. Nitamwamini aje juu ya maiti? Mambo ya ndagala utayafuata, sikukatazi. Ajida ni afisa wa serikali, kumuhoji kunapitia kwa wakubwa wake, tutawaandikia. Lakini huyu nimemuona na macho yangu."

Akasaini.

Placide alivaa kofia, akapiga saluti kwa hakimu, akatoka. Viatu vyake vilisikika koridoni, havina haraka yoyote.

Pitchou alikuwa bado amesimama. Usaha na damu vilikuwa vinashuka ndani ya suruali, vinadondoka sakafuni karibu na kisigino. Léocadie alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana.

"Uliapa kwa Merdi," alinong'ona. Alikuwa na hasira kiasi kwamba angeweza kumpiga. "Kwa mutoto wako!"

Midomo ya Pitchou ilijongea kidogo tu, kidevu hakikushuka.

"Aliniita kaporali, Mama. Tangu nitoke hospitali, hakuna muntu aliniita kaporali."

"Kaa sasa. Amekwenda."

"Hajasema repos."

Léocadie alitoka mbio koridoni. Placide alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki yake kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Léocadie alimshika mkono wa shati, mtu aliyemjua kuwa muuaji, akamsihi.

"Neno moja. Rudi umwambie neno moja, akae."

Placide alitazama ule mkono mpaka ukaachia. "Muntu muzima, Inspekteri, anajikalisha mwenyewe," alisema, akaondoka.

Léocadie alirudi ndani. Mlangoni alinyoosha mgongo, akavuta pumzi, akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo: "Repos!"

Pitchou hakugeuza hata jicho. Sauti ile haikuwa ya mkubwa wake. Mkono ulibaki usoni mpaka mguu ulipokwisha kabisa, naye akaanguka kwa upande mmoja, saluti yake ikaanguka naye, kichwa kikagonga pembe ya meza ya hakimu.

Laure alisogeza karatasi zake zisilowe damu.

Nje, gari la gereza lilipiga honi. Askari mmoja aliinama amshike makwapa kama walivyomleta, lakini mwenzake akamzuia kwa mkono.

"Sababu gani tumubebe? Si amesimama hapa mbele ya kila mutu? Atembee."

Wakasimama pembeni, wakangoja. Léocadie alipiga magoti kwenye ile damu, akasikia bado anapumua, akapitisha mkono wa kaporali shingoni mwake, na wakaanza kutambaa kuelekea mlangoni.